Madaftari Matatu ya Muuza Chumvi

Jumanne asubuhi dereva wa lori la viazi alisimama mbele ya kibanda changu hapa Butembo na kuniambia, bila kuzima injini, kwamba yule muuza chumvi wa zamani amefia Beni na atazikwa kesho yake. Wasomaji wangu mmezoea nikilalamika juu ya barabara na maji ya bomba. Leo sina wa kumlalamikia ila mimi mwenyewe.

Wengi walimjua kwa duka lake dogo la chumvi na sabuni. Wachache walijua kwamba aliandika riwaya juu ya meza ileile, kwa biki, kati ya mteja na mteja. Mambo ya kale yalimshika kama homa. Akipata siku mbili alipanda lori kuelekea mto Semliki, akawauliza watu wa huko chumvi ilitoka wapi kabla ya maduka, na nani aliibeba. Wateja nao hawakupona. Siku moja, nikiwa pale, alimuuliza mwanamke mmoja mababu walitoa wapi chumvi, kikombe cha kupimia kikiwa bado hewani: “Mama, bankambo balikuwa banatosha chumvi wapi?” Yule mama akamjibu: “Papa, pima tu! Maharagi yangu iko ku moto. Hapana kuja ku masomo, miye!” Alicheka, akampimia, kisha akaliandika jibu lile. Alisema hata mwanamke wa kale angejibu vilevile.

Riwaya yake ilijaza madaftari matatu. Mwanamke anavuka Semliki kutoka mashariki pamoja na watu wake, mzigo wa chumvi kichwani, wanaume wenye mikuki wakimtangulia. Aliniletea niipige chapa, kwa kuwa nilikuwa na mashine na nilimaliza sekondari. Nakala nyingine haikuwapo. Vita hivi vilikuwa vimeshaanza, na kila mwenye bunduki alikuwa na maoni yake juu ya nani alivuka mto ule na kwa nini. Kabla sijaanza kazi, mchana mmoja tukasikia askari wanapekua vibanda vya wapiga chapa. Nilifungua ukurasa, nikaona “mashariki”, nikaona “mikuki”, nikajua wataisoma kama habari za adui. Nikayatia madaftari yote matatu katika jiko la makaa nililochemshia chai.

Askari aliingia kweli, mmoja tu. Hakugusa hata droo. Alivua kofia. “Muzee, andikia mama yangu barua. Umuambie niko muzima.” Nikaiandika, vidole vikinuka moshi.

Rafiki yangu alipokuja, nilimwambia, “Askari balichukua.” Uongo huo ulikuwa mbaya kuliko moto, kwa sababu aliuamini. Aliposikia kikosi kile kimehamishiwa Beni, alihama na familia yake, akawa anakwenda ofisi hadi ofisi kuomba arudishiwe. Siku moja askari walimpiga mlangoni. Nilimsihi aandike upya. “Yaya,” alisema, maana nilimzidi umri, “na kama banarudisha ile ya kwanza? Nitakuwa na bamama babili ba chumvi. Batagombana!” Nikacheka naye. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Baada ya mazishi mjane wake alinivuta kando. “Papa, ule askari alikuwa namna gani? Uniambie sura yake. Miye nitaendelea kuuliza.” Nikamwona akisimama kwenye milango ileile aliyopigiwa mume wake.

“Hapana askari, mama,” nikasema. “Ni miye nilichoma.”

Aliuachia mkono wangu. “Donc, basi balimupiga bure?”



Watu wa kale wa Semliki walituachia mifupa ya samaki udongoni na hadithi za chumvi, na muuza duka akaweza kuwasoma. Sisi tulioenda shule tulishindwa kumtunzia madaftari matatu. Redio inasema vita vinakwisha, na kila nyumba inahesabu ilichoporwa. Mengi ni kweli. Lakini kabla ya kumtaja askari, kila mtu achungulie kwanza jiko lake. Mimi nimelichungulia langu, na majivu yale hayakuletwa na vita.