Chafya za Pruim

Chafya ya kwanza Achiel aliisikia akiwa juu ya ngazi, ndoo ya mahindi mkononi, kichwa kimeingia kwenye mlango wa kibanda cha njiwa. Akageuka kuangalia ni nani. Uani hapakuwa na mtu. Mkewe Godelieve alikuwa kanisani, jirani yake Staf alikuwa bado amelala kwa jinsi alivyokunywa jana yake, na njiwa, kama ulikuwa hujui basi jua leo, hapigi chafya ya namna ile, ndogo, ya adabu, kama ya mtawa aliyenusa pilipili.

Ikaja ya pili. Achiel akateremka, akainama, akachungulia chini ya kibanda. Ndani ya kizimba cha mbao alikaa Pruim, sungura wa kijivu mwenye uzito wa paka aliyeshiba, anajifuta pua kwa miguu ya mbele kama mtoto anayejifutia mkono wa shati.

Sasa huyu Achiel si mtu wa kuliacha jambo kama hilo lipite. Miaka thelathini na minne alichoma matofali pale Niel, ukingoni mwa mto Rupel, na siku aliyostaafu walimpa saa ya ukutani ambayo hadi leo hajaitazama, maana saa ya Achiel ni njiwa. Shule aliiacha mapema, lakini kwa mambo ya pua na koo za njiwa angeweza kumfundisha profesa na kumchapa juu yake. Njiwa wake ni wa mashindano, hupelekwa mbali na kuachiwa washindane kurudi nyumbani. Njiwa mwenye mafua harudi kutoka Ufaransa, na njiwa asiyerudi kutoka Ufaransa ni supu. Kwa hiyo Achiel alikuwa na kabati: matone ya manjano, unga wa pinki, vidonge vya rangi ya samli, na chupa moja isiyo na jina aliyopewa na mzee wa Mechelen ambaye alikataa kusema kilichomo mpaka akafa. Wenzake kwenye baa ya chama cha njiwa walimwita Daktari, naye hakuwahi kuwakataza.

Na Pruim? Pruim alinunuliwa aliwe. Kule sungura wa Krismasi hupikwa kwa bia nyeusi na plamu zilizokaushwa, na mtaa mzima hakuna aliyempika vizuri kumshinda Godelieve. Lakini juma lile Godelieve aliteleza kwenye kizingiti alichokisugua mwenyewe kwa sabuni, akavunja mguu, na Achiel hajui kupika hata yai. Sungura akawekwa asubiri. Plasta ilipotolewa miezi miwili baadaye, alishapewa jina la zile plamu, alishajua mlio wa kopo la nafaka, na alishazoea kulala juu ya viatu vya Achiel. Nani tena angemtia kisu? Staf peke yake ndiye aliyeendelea kuuliza kila Jumapili, "Vipi, chungu kimepata moto?"

Achiel akamtoa Pruim ili amchunguze kwa namna anayoijua: kidole gumba chini ya taya, mdomo ufunguke, tazama koo, nusa. Mdomo wa sungura haukuumbwa kwa kazi hiyo. Alifanikiwa kuona meno mawili, na papo hapo akayasikia kidoleni.

"Kakuuma?" aliuliza Godelieve aliporudi kutoka kanisani.

"Kanisalimia."

"Ana nini?"

"Mafua. Kama ya njiwa tu. Nampa matone siku tano, kwisha kazi."

"Njiwa ana mabawa, huyu ana masikio. Usije ukamuua mnyama wa watu, mzee."

"Mnyama wa watu gani? Si wangu?"

"Jana ulisema ni wangu. Kizimba kilikuwa kinataka kusafishwa."

Matone yakaingia kwenye maji. Siku mbili kimya. Siku ya tatu chafya zikarudi, tena na kamasi nyeupe. Hapo Achiel akashikwa na kitu kibaya kuliko hofu: hamu ya kujua. Kila mfuga njiwa wa kule ana daftari lake, upepo ulitoka wapi, mawingu yalikuwaje, nani kafika wa ngapi. Achiel akachora mstari, akaongeza safu ya chafya. Jumatatu asubuhi, kumi na moja. Jumanne, tisa. Jumatano mvua kubwa, hakupanda kibandani, tatu. Alhamisi, kumi na tatu. Aliyasoma yale mezani jikoni, miwani puani, kahawa ikipoa, akijua kuna kitu kinamchungulia kutoka mle ndani ila uso wake hauonekani. Akadhani ni nyasi, akabadilisha nyasi. Akadhani ni upepo, akageuza kizimba kitazame mashariki. Akadhani ni mwezi mpevu, lakini hilo hakumwambia mtu.

"Labda anakuiga," alisema Godelieve. "Wewe unakohoa juu, yeye anapiga chafya chini. Mmekuwa kwaya."

"Kikohozi changu ni cha matofali."

Ndivyo mambo yalivyofika Jumapili ya mwisho ya Julai. Siku hiyo ilikuwa kubwa. Achiel na Staf walilingana pointi kwenye ubingwa wa chama, na yalikuwa yamebaki mashindano hayo tu. Njiwa wa leo wana pete yenye akili mguuni. Akikanyaga kibao cha mlango wa kibanda, saa inajiandika yenyewe. Lakini lazima akikanyage. Njiwa anayefika akaona kitu kinajongea uani hatui. Atakaa juu ya paa akijiuliza, na kila dakika anayojiuliza anamfurahisha jirani. Kwa hiyo Jumapili mchana kwa Achiel nguo hazianikwi na takataka hazitolewi. Mwaka mmoja padri alisimamishwa kwenye geti dogo dakika ishirini, Achiel kajiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha, kama anamlaza mtoto.

Saa sita na dakika arobaini njiwa wake jike wa kijivu alitokea upande wa mto, akashuka, akatua ukingoni mwa paa. Kwa Staf bado kimya. Achiel kwenye kiti chake hakupumua. Jike akageuza kichwa huku, akakigeuza kule. Macho ya Achiel yakateremka kidogo tu, bila kukusudia, yakamwona Pruim.

Pruim alikuwa ameinua pua juu, shingo imenyooka, mdomo wazi.

Njiwa aliyetoka Ufaransa hufungua mdomo. Amechoka, mpe maji, baada ya nusu saa amesahau. Basi Achiel akajiambia, amechoka, akarudisha macho paani. Kisha akili ikamfuata taratibu kutoka nyuma, ikamuuliza: kachoka na nini? Huyu hakuruka popote. Tangu asubuhi amekaa. Na miezi saba yote hii, hata siku ile ya kidole, lini ulimwona akipumua kwa mdomo?

Dirishani Godelieve alikuwa amekamata kitambaa cha vyombo kwa mikono miwili, ananyoosha kidevu kuelekea kizimbani. Hakuthubutu kutoa sauti. Miaka arobaini ya ndoa na Jumapili zake si mchezo.

Achiel akasimama.

Jike wa kijivu akaruka kutoka paani, akazunguka juu ya mabomba ya moshi. Achiel akakata uani kwa hatua zake nzito za kiwandani, akamtoa Pruim, akamweka kwenye kikapu cha fito cha kusafirishia njiwa, akaita, "Mama, ufunguo wa gari." Kwa sauti, Jumapili. Upande wa pili wa ukuta Staf alidhani kuna mtu amekufa.

Daktari wa mifugo wa zamu aliitwa Marlies, binti wa miaka kama thelathini, mkate nusu mkononi. Mkate ukawekwa kando. Pruim akaingizwa kwenye sanduku la kioo lenye mpira wa hewa safi, wakabaki watatu wanalitazama.

"Sungura anapumua kwa pua," alisema Marlies. "Akifungua mdomo ujue ameshajaribu mengine yote. Anakula?"

"Tangu jana jioni hajagusa kitu," alisema Godelieve.

"Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Tumbo la sungura halijui kupumzika. Likisimama, dawa yangu ya pua nitampa nani?" Akainama. "Lakini hii miguu ya mbele ni misafi. Mwenye kamasi namna hii angekuwa na manyoya yamegandana hapa ndani."

"Nampangusa kila asubuhi," alisema Godelieve kwa fahari. "Kwa maji ya uvuguvugu. Mnyama wangu hatoki na miguu michafu."

"Unapangusa nini, mama?"

Godelieve akafikiri. "Kamasi," alisema, polepole.

Achiel akaona heri aweke silaha zake mezani. Alikuwa amebeba kabati lote kwenye mfuko. Marlies akanusa chupa ya mzee wa Mechelen, akaisogeza mbali na sungura, kisha mbali na yeye mwenyewe. Akashika vidonge vya rangi ya samli.

"Hivi ni ndugu wa penisilini. Njiwa hana neno. Sungura akivimeza vinaua vijidudu wema wa tumboni, na yeye anawafuata. Ulimpa?"

"Zamu yake ilikuwa kesho," alisema Achiel.

Achiel akatoa na daftari, labda kwa aibu, labda ili aonekane hakuwa mjinga wa kila upande. Marlies akalifungua akitabasamu. Kisha tabasamu likaondoka, akavuta kiti.

"Jumatano ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu. Mvua."

"Siku nyingine?"

"Nafagia kibanda cha njiwa."

"Kiko wapi hicho kibanda?"

"Juu yake," alisema Achiel, na akajisikia akisema.

"Sakafu yake?"

"Mbao. Nimeziachanisha mwenyewe, vumbi la manyoya na mavi lishuke, njiwa wakae pakavu." Alianza kwa majivuno, akamaliza bila hata chembe.

"Lishuke wapi?"

Achiel akatazama sanduku la kioo.

"Vijidudu pengine anavyo tangu kwa mama yake," alisema Marlies. "Sungura wengi wanavyo puani, vimelala tu. Wewe unaviamsha kila asubuhi kwa ufagio. Vumbi linauchuna utandu wa pua, na vyenyewe vinapata mlango." Achiel akakohoa. Marlies akainua macho. "Na wewe tangu lini?"

"Hiki cha matofali."

"Umestaafu lini?"

"Miaka kumi na mitatu."

"Matofali gani hayo yanayokufuata miaka kumi na mitatu?"

Godelieve alitazama dari. Aliyatamani maneno hayo muda mrefu, na sasa kayasema mtu mwenye cheti.

Pruim alilala huko hadi Jumanne. Alirudi na dawa ya kuua vijidudu, mara mbili kwa siku, kwa bomba lisilo na sindano, lipitishwe pembeni mwa mdomo. Na uji wa nyasi wa kulishwa kwa bomba jingine. Na mvuke wa maji ya chumvi, robo saa, asubuhi na jioni. "Pua itachukua wiki nyingi, na pengine haitapona moja kwa moja," Marlies alionya. "Mimi nasubiri meno. Akila mwenyewe, tumempata. Ikifika Ijumaa hajala, nipigie simu."

Wakamweka chumba cha kufulia, mbali na unyoya wowote. Kwa mvuke Achiel alitumia kikapu kilekile cha njiwa, kakifunika nailoni, mashine inanguruma, na yeye kakaa sakafuni pembeni. Jumatano Pruim hakula. Alhamisi asubuhi akatema uji kwenye shati la Achiel.

Jioni yake akaja Staf, bingwa mpya wa chama, kikombe kwapani na chupa ya plamu zilizokaushwa mkononi. Alikuwa na hotuba ndefu aliyoitayarisha tangu Jumapili. Akafungua mlango, akamkuta Achiel chini, masikio mawili yanaonekana kwenye ukungu.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema Staf. "Umemwachia jike wako anazunguka hewani dakika kumi na moja kwa ajili ya huyu."

"Kumi na mbili. Shika nailoni hapa, inavuja."

Staf akaweka kikombe juu ya mashine ya kufulia, akashika nailoni. "Hotuba yangu je?"

"Sema, nasikiliza."

Lakini si rahisi kumkejeli mtu huku umemshikia nailoni. Staf akachungulia ndani. "Anapumua vibaya?"

"Jana ilikuwa vibaya. Leo nusu. Pua si neno, shida kula."

"Mpe majani ya ukuta wangu. Yale yenye maua ya manjano. Hutoroka kila siku kuja kuyala." Kumbe bwana chungu-kimepata-moto alikuwa akimfukuza Pruim kwenye bustani yake tangu Aprili, na hakusema.

Ijumaa asubuhi majani yalikuwa kwenye kizingiti, yamefungwa kwa uzi, yana umande. Achiel akaweka moja mbele ya Pruim, akageukia ukutani asije akamtisha, kama anavyofanya kwa njiwa. Godelieve alikuwa anapanga soksi, akasimamisha mikono. Muda ukapita. Kisha ukasikika mlio mdogo, mkavu, wa haraka, kama mtu anachana karatasi nyembamba chumba cha pili.

"Usigeuke," alinong'ona Godelieve.

"Sigeuki. Amefika wapi?"

"Katikati ya jani."

"Sasa?"

"Kamaliza. Anatafuta la pili."

Achiel alikaa vile vile akitazama ukuta, na kama macho yalimlowa, ukuta haukusema.

Pua ya Pruim haikupona yote. Mvua za Novemba huja na chafya zake, na mashine huwashwa. Achiel alipelekwa hospitali, akapulizishwa mpira mpaka akaona nyota, akaambiwa mapafu yake yamechoshwa na njiwa, si na matofali. Siku hizi anafagia kavaa barakoa. Msimu uliofuata njiwa hawakuitambua ile sura, wakakaa paani wakishauriana, na Staf akatwaa kikombe tena bila jasho.

Daftari lipo bado, ila sasa Godelieve ndiye mwandishi, na ana safu mbili, ya chafya na ya kikohozi. Juma lililopita ameandika: Jumatano, mvua. Pruim mbili. Achiel nne, moja ya kujifanya ili asioshe vyombo.