Jumapili za Sauti Moja

Baba mkwe wangu sikuwahi kumtukana kwa mdomo. Nilimtukana kwa miguu, nikikanyaga kinanda cha kanisa Jumapili sita mfululizo ili asipate nafasi ya kupumua. Nasema hivi mapema, msomaji asije akanionea huruma bure.

Mimi ni Mmatengo wa milimani, nimekulia kwenye kahawa na mahindi. Ualimu ndio uliniteremsha hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, si mbali na Kihagara, nikafundisha shule ya msingi na nikaoa hukohuko. Mke wangu alikuwa kitinda mimba wa mzee mmoja mjane, mvuvi aliyekwisha kuchoka na maji. Siku ya posa mzee alitoa sharti moja tu mbele ya wazee wa pande zote mbili: binti yake akae karibu, na ikitokea siku ya kumpeleka mbali, basi yeye baba atamke kwa mdomo wake mwenyewe kwamba amemruhusu. Nilikubali haraka. Nani anafikiria kuhama siku ya posa?

Kisha mambo yakafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaanza kupanda milimani kutafuta kahawa ambayo zamani ilikuwa ya ushirika peke yake, na kaka yangu aliyekuwa Mbinga mjini akaniandikia kwamba nikiendelea na ualimu nitakufa na chaki mkononi. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwamini wa kukaa kwenye mizani. Nilitaka kwenda. Nilikuwa nimeuchoka mwambao: joto, mbu, dagaa wa usipa asubuhi, usipa jioni, na watu wanaokucheka kwa kuwa unaogopa mtumbwi. Lakini sikutaka kuondoka bila mke wangu, na yeye asingeondoka bila neno la baba yake. Kwa adabu ya pale, mkwe hamwanzi baba mkwe jambo zito. Unapeleka habari, halafu unasubiri yeye aanze kusema. Nikamtuma mke wangu. Alirudi akasema, "Amesikia. Atakuja."

Akaja Jumapili, baada ya chakula cha mchana, amebeba kibuyu.

Ujanani mzee alikuwa kiongozi wa kikundi cha mganda, ile ngoma ambayo wanaume hujipanga mistari kama askari huku wakivumisha sauti ndani ya vibuyu. Kila kibuyu kina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaoifanya sauti ya mtu ikwaruze. Kibuyu chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote, cha sauti ya chini. Kikundi chenyewe kilishakufa, vijana wamehamia kwenye disko la betri ya gari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo humu?"

"Hatujambo."

Nikampa kiti cha maana, mimi nikakaa kwenye stuli ya kinanda. Kinanda kile cha kukanyaga kilikuwa cha kanisa. Mimi ndiye niliyekuwa mpigaji wake, na mchwa walikuwa wameanza kula miguu yake, kwa hiyo nilikuwa nimekileta nyumbani kukitengeneza. Mzee akaweka kibuyu mdomoni na kuvumisha sauti moja. Nikasubiri wimbo uje. Haukuja. Sauti ilikuwa ileile, haipandi, haishuki, na yeye anaiba pumzi puani upesi hata huwezi kuona pengo. Kivuli cha mlango kilihama kutoka mguu mmoja wa meza hadi mwingine, na bado sauti ileile.

Nilielewa, au nilijiona nimeelewa. Huyu mzee amekuja kunigomea. Hawezi kusema hapana mbele ya watu, basi anakuja kunikalia nyumbani na kunivumia masikioni mpaka nifute safari. Nami siwezi kumjibu, kwa kuwa mkwe hamjibu baba mkwe. Hasira ikanipanda. Nikageuka, nikakanyaga, nikabonyeza kitufe kimoja tu, cha chini, karibu na sauti yake lakini si sauti yake.

Aliyewahi kusikia sauti mbili zilizokaribiana zikikaa pamoja muda mrefu anajua kinachotokea. Zinagombana. Hewa ya chumba inaanza kutetemeka, polepole, kisha haraka, na mtetemo huo haumo kwenye kibuyu wala kwenye kinanda. Vikombe kabatini vikaanza kulia. Mzee akafumbua macho, akanitazama, akasogeza sauti yake kidogo sana. Mtetemo ukalegea. Nami nikaongeza upepo ili kumchokoza. Hivyo ndivyo tulivyokaa, watu wawili wasiosogea, hakuna aliyepanga lolote na mwenzake. Mwishowe akanyamaza, kibuyu mapajani, akanitazama. Mimi sikuachia kitufe. Akasubiri. Nikakanyaga. Akachukua kofia yake akaondoka.

Nikasema moyoni, moja bila.

Jumapili ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Jirani alipita kuuliza kama mashine ya kusaga imehamia kwetu. Mke wangu alisimama mlangoni mikono ikiwa na unga wa muhogo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mwache kwanza." Nikaona anamtetea baba yake, nikakanyaga kwa nguvu zaidi.

Ya nne ndiyo iliyoniudhi kuliko zote, kwa sababu ilikuwa nzuri. Sijui niseme vipi. Nilikuwa nimebonyeza kitufe changu kama kawaida, kwa nia mbaya kama kawaida, na baada ya muda nikaacha kusikia kipi ni changu na kipi ni chake. Hapakuwa na wimbo wa kufuata wala zamu ya kungojea, na ukisikiliza vizuri ndani ya sauti ile moja kulikuwa na vingi vinavyopita: sauti nyembamba juu, ngurumo chini, pumzi ya mzee, ngozi ya viriba vya kinanda ikilalamika. Nilipiga nyimbo kanisani miaka yote na sikuwahi kusikiliza kiasi kile. Nikamchukia kwa hilo pia. Aliponyamaza nikaona aibu ya kuwa nimefurahi, nikashikilia kitufe mpaka akaondoka.

Ya tano. Ya sita. Mara hii ya sita alisubiri sana, mdomo wake ukifunguka kidogo na kufumba, na mimi nikaona ameishiwa pumzi. Yangu ilikuwa ya miguu na viriba, haiishi. Alisimama kwa shida, hakuniaga.

Jumapili ya saba hakuja. Nikamwambia mke wangu afunge mizigo.

"Baba yako ameshindwa."

"Ameshindwa nini, Mwalimu?"

"Kunivumia. Kunizuia."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu ninayekula naye sahani moja.

"Kwenye kikundi chao," alisema, "mkubwa akiwa na neno anavumisha kibuyu kwanza, watu watulie. Watu wengine wanavumisha naye, ni heshima. Yeye akinyamaza, wote wananyamaza. Hapo ndipo anasema. Baba alikuja Jumapili ya kwanza kukuruhusu unichukue. Alinyamaza akusubiri. Hukunyamaza."

"Si ungeniambia!"

"Nilikwambia umwache kwanza. Ulinisikia?"

Nikamwambia basi, ikiwa alitaka kuruhusu, ameruhusu, tufunge mizigo.

"Hajatamka," akasema. "Mara sita umemfunga mdomo nyumbani kwako. Sasa amesema hana neno tena."

Kesho yake nilitoka shuleni nikaenda kwa mzee. Alikuwa ameketi uani akitengeneza wavu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za watoto wa shule, nikamjibu nzuri. Kisha nikakaa chini na kunyamaza. Sikukohoa, sikujikuna, sikufukuza nzi. Nilinyamaza kuliko nilivyowahi kunyamaza maishani, nikitazama mikono yake inafunga fundo, inakaza, inafunga jingine. Jua likashuka. Akakunja wavu wake, akasema, "Haya mwanangu, karibu tena," akaingia ndani.

Nilipanda lori la kwenda Mbinga wiki ile, na begi moja. Mke wangu alinifungia usipa wakavu kwenye gazeti, akanisindikiza mpaka barabarani, na lori lilipoanza kuondoka aligeuka akashika njia ya kwa baba yake.