Nyota Tano za Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, alinunua gari dogo la Kijapani lililokuwa limeshachoka kabla halijafika Mbulu. Alikuwa mwalimu wa sekondari. Kila mgeni aliyeingia kwake alionyeshwa kwenye simu video ya gari kama lile likigongeshwa ukutani, ndani wamekalishwa watu wa plastiki.

"Nyota tano za usalama," alisema. "Hili likigonga, unashuka unajikung'uta vumbi."

Dada aliitazama video ile kwa makini kuliko wageni. Siku moja tukiwa tunakula akasema, "Baba watoto, hapa wameandika nyota hizo lilipewa likiwa jipya, tena kwa vipimo vya zamani. Na letu lina ile taa nyekundu ya mifuko ya hewa, haizimiki."

Shemeji alinigeukia. "Dada yako aliishia la saba, leo anakagua magari." Watoto wao wakacheka kwa sababu baba yao alicheka.

Kesho yake tulilipeleka gari kwa fundi. Shemeji hakusema itafutwe sababu ya taa kuwaka. Alisema taa itolewe. Jioni akamwita dada aone dashibodi. "Umeridhika sasa?"

Wakati wa mavuno ya ngano tulikwenda Basotu kumwona mama. Dada alitaka kupanda basi; shemeji akamwambia asimwaibishe. Dada akakaa mbele, akafunga mkanda. Mimi nilikaa nyuma. Kwenye mashamba vumbi lilikuwa limefunga barabara, na shemeji hakupunguza mwendo. Tulilivamia kwa nyuma tela la trekta lililosimama.

Mfuko wa kwenye usukani ulifumuka ukampokea shemeji. Upande wa dada kilipasuka kifuniko tu, yakaonekana matambara. Mmiliki fulani wa zamani alikuwa ameyashindilia mahali pa mfuko, akagundisha kifuniko juu yake.

Hospitali ya Haydom walimtia dada vyuma kwenye nyonga na goti. Shemeji alisimama kando ya kitanda, kidevu kimechubuka kidogo.

"Ulikuwa unajua?" dada akamuuliza.

"Ulikaa vibaya," akajibu. "Mimi nilikaa vizuri, niangalie."

Aliyarudia hayo kwa kila aliyekuja kutoa pole. Wengine walimwamini, wakamshauri dada siku nyingine aegemee kiti.

Alipotoka hospitali hakuweza kuinama wala kubeba ndoo. Shemeji alivumilia mpaka mahindi yalipotaka palizi, kisha akamleta kwa mama kwa basi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimemleta apumzike." Akakataa chai, akaondoka. Watoto alibaki nao, na kabla ya mvua nyingine alikuwa ameshaoa mke mwingine.

Mwisho wa mwaka nilimleta Basotu mtoto wao mdogo. Alimwamkia dada kama mgeni, akasimama mlangoni akingoja kukaribishwa. Dada akamwonyesha kiti. Wakala samaki bila maneno mengi, na basi la mchana lilipopiga honi, mtoto alikuwa ameshavaa viatu.