Spika Zilizokula Mtumbwi wa Baba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyorudi kwetu Ikombe nikiwa abiria ndani ya mtumbwi wa watu, nimekumbatia masanduku mawili ya mbao yaliyofungwa turubai, na mama yangu amesimama ufukweni ananitazama. Ningependa kuisahau. Lakini jana umekuja na simu yako, ukanionyesha picha ya spika ndefu kama kabati la vyombo, ukasema unafikiria kuuza robo ya shamba la kakao alilokuachia bibi yako mzaa mama ili uzinunue. Nikakuuliza zina nini hasa. Ukanisomea maneno ya muuzaji, kwamba sikio lisilozoea haliwezi kuzielewa siku ya kwanza. Chai yangu nilishindwa kuimaliza. Maneno hayo nayajua. Nilidhani yalikufa zamani pamoja na mtu aliyeniambia, kumbe siku hizi yamepata simu.

Basi keti. Nitasema kwa hasira, nawe utanivumilia, maana nusu ya hasira yenyewe najikasirikia mimi.

Mama yangu, Tusekile, alikuwa mfinyanzi. Baba alikwisha kufariki, akatuachia mtumbwi mmoja mpana. Kule kwetu milima imeshuka mpaka ndani ya ziwa, na barabara hatukuwa nayo, kwa hiyo mtumbwi ndio uliokuwa lori letu. Vyungu tulivifungia majani makavu, tukavipakia, tukavuka navyo hadi Itungi, kisha vikaenda kwenye masoko ya Kyela na Ikolo. Kufinyanga ni kazi ya wanawake, sisi wanaume hatukushika udongo. Kazi yangu mimi ilikuwa kugonga.

Unacheka? Ilikuwa kazi kubwa. Chungu kikitoka motoni kinaweza kuwa kizuri, kimepakwa rangi yake nyekundu na nyeupe, kumbe kina ufa mwembamba usioonekana. Unakiweka juu ya kiganja, unakigonga kwa kifundo cha kidole, unasikiliza. Kizima kinaimba. Chenye ufa kinakohoa. Mama alikuwa na masharti mawili. La kwanza, fumba macho, kwa sababu jicho linapenda rangi na litalidanganya sikio. La pili, gonga vyote kwa nguvu ileile, kwa sababu chungu kibovu ukikigonga kwa nguvu zaidi nacho kitajidai. Nikifumbua jicho moja tu, napigwa konzi. Nikawa hodari, nisifiche. Akina mama wa Ikolo walikuwa wakiuliza tu, "Hivi ni vya Tusekile?" kisha wanachukua bila kugonga, kwa sababu walijua kuna mtu ameshawagongea. Sikio langu hili ndilo lililotulisha.

Sasa ninyi hamkuiona miaka ya foleni. Sisi tulipanga mstari kwa kipande cha sabuni, na redio ya mkulima ilikuwa mali ya kufungiwa mlango. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Bidhaa zikamwagika, nyingine kutoka Dar es Salaam, nyingine kutoka ng'ambo ya mto Songwe, na sisi tukazipokea kama watu waliotoka kufunga. Mtu aliyelelewa na uhaba ana ugonjwa wake, mwanangu: anadhani bei kubwa ni ushahidi. Kikiwa ghali, basi lazima ni kizuri, la sivyo kingekuwaje ghali? Ndivyo tulivyokuwa tukifikiri, na wapo watu waliojenga nyumba za bati juu ya fikra zetu hizo.

Nilikuwa na rafiki, Lugano. Tulipanga tuwe tunapiga muziki kwenye harusi za vijijini. Yeye alitangulia kununua spika zake ndogo, za kawaida, akaniambia, "Nunua kama hizi zangu, zinatosha." Mimi nilikuwa na akiba ya mpunga wa misimu miwili, nayo ilitosha kabisa kwa spika kama za Lugano. Nikashusha vyungu Itungi siku moja ya soko, nikaazima baiskeli, nikaenda hadi duka moja upande wa Njisi, karibu na mpaka. Mwenye duka simtaji jina. Watu walimwita Mtaalamu, naye alilipenda jina hilo, jambo ambalo peke yake lingetosha kunishtua.

"Ugonile, kijana," akanisalimu kwa Kinyakyusa, kisha akahamia Kiswahili cha mjini. "Hizi ndogo ni za watu wa kawaida. Hizi kubwa ni za wenye masikio."

Akaweka kaseti, akapiga kwenye ndogo. Akahamisha waya, akapiga kwenye kubwa. Mwanangu, sikusikia tofauti. Kwaya ilikuwa ileile, na yule mama wa sauti ya kwanza alikuwa akichelewa palepale. Nikasema ukweli wangu, "Bwana, mimi naona ni sauti ileile."

Wateja wawili waliokuwepo wakacheka. Mtaalamu hakucheka. Alinihurumia, na hilo ndilo lililonimaliza. "Si kosa lako," akasema taratibu. "Sikio lako limelelewa na redio ya mkulima. Sikio hufundishwa. Kaa nazo mwezi mmoja, utarudi hapa kunishukuru. Rahisi huvunja upishi, kijana."

Kwa mazoea tu nikanyoosha kifundo cha kidole nigonge ubao wa lile sanduku. Akaudaka mkono wangu. "Ah! Hapa hatuuzi vyungu!"

Hapo walicheka wote. Nikajitazama, nikaona majani ya kufungia vyungu bado yamenishika shati. Nikatamani sakafu inimeze. Mtaalamu akapiga kaseti tena, mara hii amesimama mbele ya mashine, amenipa mgongo. Ndogo zikaimba. Halafu kubwa zikanguruma hadi kifua kikatetemeka.

"Sasa je?"

"Naam," nikasema. "Sasa nasikia."

Akiba yangu haikufika hata nusu ya bei. Lakini pale Itungi palikuwa na mtumbwi. Kabla jua halijatua nilikuwa nimeshamuuzia mvuvi mmoja mtumbwi wa marehemu baba yangu, pamoja na makasia yake. Mama sikumuuliza. Nilijiambia kwamba mtoto wa kiume ndiye mrithi, na harusi mbili tatu zitaleta mtumbwi mpya. Shetani akitaka kukupoteza anakupa hesabu nzuri.

Nikazilipia zile spika, ndipo nikarudi Ikombe kama nilivyokwambia, abiria. Vyungu vya soko lililofuata vilikuwa vimeshachomwa, vimepangwa mchangani kando ya mama. Akautazama ule mtumbwi wa watu, akanitazama mimi.

"Mtumbwi uko wapi?"

"Nimeuuza, mama."

"Na haya makabati?"

"Si makabati, mama. Ni spika. Za wenye masikio."

Sikia nilivyomjibu mama yangu! Hadi leo nikikumbuka, natamani kukiendea kile kijana ufukweni nikizabe kofi. Yeye hakunigombeza. Aliinama, akaanza kuvirudisha vyungu ndani, kimoja kimoja.

Siku ya soko ilipofika, alifunga mzigo wa vyungu, akajitwika, akashika njia ya mawe kuelekea Matema kwa miguu. Njia ile hata mbuzi anaitazama mara mbili. Alianguka. Vyungu vyote vilivunjika, vya mwezi mzima, na goti lake la kulia likaumia asiweze kusimama. Wanawake waliokuwa nyuma yake ndio waliombeba hadi nyumbani. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa uani na mashine ya kaseti na betri ya lori, maana zile spika zilikunywa betri kama ng'ombe wa kiangazi, nyimbo chache tu zinaanza kukoroma. Nilikuwa nimefungulia sauti yote. Wanawake wale walipiga hodi, wakapiga tena hodi, na mama yangu mikononi mwao, nami sikusikia. Mwenye masikio!

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye niliyekataa kusikia, na guu lililovunjika likawa la mkuu mwenyewe. Haki ya methali hiyo sijaiona mpaka leo.

Wiki kadhaa baadaye, mama akiwa ameketi barazani amenyoosha mguu, aliniambia, "Mwite Lugano aje na spika zake." Lugano akaja. Mama akaagiza tutundike mkeka, spika zote ziwe nyuma yake, na mimi nikae upande wake yeye, nimeelekea ziwani, nimefumba macho. "Lugano ahamishe waya," akasema, "asiseme ni zipi. Na sauti iwe ya nguvu moja."

Kaseti ikalia. Ikahamishwa. Ikalia. Mama akasema, "Huyu Lugano amegonga chungu kimoja mara mbili." Akanigeukia. "Haya, wewe. Zako ni zipi?"

Nilisikiliza kama ninayesikiliza ufa. Nikachagua. Nikasema hizi ndizo, sikia zilivyo na kina, sikia zilivyo safi. Lugano akasema kwa sauti ndogo nyuma ya mkeka, "Hizo ni zangu, kaka."

Tukarudia, nikakosea tena. Halafu mama akamwambia, "Sasa zile kubwa ziongeze sauti kidogo tu, usimwambie." Lugano akagusa kitufe cha sauti. Kifua kikatetemeka, nikaropoka, "Hizi! Hizi ndizo za dukani!" Na kabla sijafunga mdomo nikamwona Mtaalamu akilini, amesimama mbele ya mashine, amenipa mgongo. Alikuwa ameongeza sauti. Basi, ni hilo tu. Mtoto wa Tusekile, aliyekatazwa tangu utoto kugonga chungu kimoja kwa nguvu kuliko kingine, alilizwa kwa hila ambayo mama yake alimpigia konzi ili aijue.

Nililia, sioni haya kusema. Mama akasema, "Gwe, wewe mwanangu, mimi mtumbwi siukasirikii. Mtumbwi ni mti, na miti ipo. Sikio hili nililifundisha mimi. Siku ya kwanza lilikuambia kweli, nawe kwa sababu watu walicheka, ukalikana."

Nilizirudisha zile spika Njisi. Mtaalamu alinionyesha kibao ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi. Nikamwambia kuhusu ule mgongo wake. Akatabasamu, akaenda kumhudumia mteja mwingine, na nilipokuwa natoka nikamsikia akimwambia yule mteja kwamba sikio hufundishwa. Hukumu yake iko kwa Mungu, na namwomba Mungu asiisahau.

Misimu mitatu nilijitwika vyungu mwenyewe kwenye njia ya mawe, wanaume wenzangu wakiniita bibi harusi, hadi nikapata mtumbwi mwingine. Goti la mama halikupona. Alichechemea hadi kaburini. Yale masanduku kuku walitagia ndani yake, na nikwambie, kwa kutagia yalikuwa mazuri.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sisemi kila spika ya bei ni uongo. Huenda zipo zinazostahili, na huenda wewe una sikio la kuzijua. Lakini nenda na wimbo wako unaoujua kila pumzi yake, si wimbo wa muuzaji. Fumba macho. Mwambie mwenzako unayemwamini ndiye abadilishe, na sauti iwe ya nguvu moja. Ukisikia tofauti, kisha ukaisikia tena, na kisha ukawa na pesa ambayo ikizama ziwani utalala usingizi, nunua, nami nitakuja kucheza. Usiposikia, sema husikii, hata duka zima likicheka. Kizuri chajiuza. Kinachohitaji kwanza kukudharau ndipo kikuingie, kikimbie. Na mtu akikuambia masikio yako hayatoshi, mtazame mkononi uone anauza nini.

Shamba la kakao usiliguse. Bibi yako alilipanda kwa mgongo wake, na mgongo haununuliwi Njisi wala kwenye simu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Hili sikuombi, nakukataza.

Pale kwenye kona kuna chungu, cha mwisho alichofinyanga mama kabla mikono haijamkataa. Kichukue, ni chako. Mungu akupe nyumba yenye watu wa kukupigia hodi, na akuachie sikio la kuwasikia. Akukinge na wajuzi wanaosimama wakikupa mgongo. Ndaga fijo, asante sana kwa kunivumilia, mwanangu. Haya, kiweke kiganjani. Fumba macho, ugonge.