Koti la Baba na Vikapu vya Mvuke

Nyumbani kwetu mtoto wa kike hamtazami baba yake akila. Hakuna aliyewahi kutueleza kwa nini. Baba alikula sebuleni na kaka zangu, na mgeni kama yupo. Sisi na mama tulikula jikoni. Ukipeleka maji ya kunawa unapiga goti, unamimina, unaondoka umeinamisha macho. Leo nina watoto wakubwa, nauza mitumba yangu sokoni Sumbawanga, na mdomo wangu unajulikana soko zima. Lakini mbele ya sahani ya baba nilibaki mtoto yule yule.

Sasa baba akashikwa na koo. Kwanza ugali wa ulezi, chakula alichokulia tangu utotoni, ukawa haushuki. Kisha wali. Mwisho hata uji akawa anaushika mdomoni, anatazama ukuta, anautema kwenye kopo. Daktari alituita mimi na mama akatuambia ni saratani, na kwamba Mbeya wanaweza kumpasua, ila mgonjwa aliyekauka vile hawezi kuhimili kisu. Ale kwanza, apate nguvu, ndipo tumpeleke. Tukarudi nyumbani na neno hilo moja: ale.

Nilipika kila nilichokijua. Nikabembeleza, nikagomba. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Siku moja nilibamiza sufuria nikamwambia, baba, unataka kutuacha kwa makusudi? Hakukasirika. Akasema, "Labda vile vya Wachina."

Nilijua anasema nini. Zamani, lami ilipokuwa inajengwa kupita Laela, baba alikuwa mlinzi wa kambi ya Wachina. Alfajiri mpishi wao alikuwa akimpa vitu fulani vidogo vyeupe vya unga, vyenye nyama ndani, vilivyopikwa kwa mvuke. Alituhadithia habari hiyo miaka nenda miaka rudi mpaka tukawa tunamalizia wenyewe. "Hutafuni," alikuwa anasema. "Unaweka tu mdomoni, kinajiendea."

Mjini upo mgahawa wa Mchina. Nilikuwa naupita kila siku wala sijawahi kuingia. Niliona ni mahali pa wakandarasi na watu wa ofisini. Kesho yake nikamvalisha baba koti zito nililomchagulia mwenyewe kwenye belo la mitumba, lenye mifuko mirefu, maana upepo wa kwetu mwezi wa sita hauna huruma. Nikaita bajaji. Mama alisema nikanunue nimletee baba nyumbani, nikakataa. Baba mwenyewe alishasema vikipoa vinakuwa vigumu.

Msichana aliyetuhudumia alimpa baba shikamoo, akatuambia vitu vile vinaitwa dimsam. Akaleta vikapu vya mianzi vyenye vifuniko, mvuke unatoka. Baba akavikagua. "Hivi si vya kutotoleshea vifaranga?"

Nilicheka mpaka watu wakageuka. Ilikuwa imepita miezi baba hajatania.

"Ndani kuna nguruwe, mzee, kitimoto," msichana akamwambia, kwa tahadhari.

"Basi Wachina ni Wakatoliki wenzetu," baba akajibu, na msichana akaenda zake akicheka.

Tukabaki wawili, na meza moja katikati yetu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba katika maisha yangu yote sijawahi kukaa na baba mbele ya chakula. Nikasimama. "Baba, nikae meza ile?"

"Kaa," akasema. "Geuka tu."

Nikageuza kiti nikaelekea dirishani. Nje mwanamke alikuwa anapanga samaki wakavu wa migebuka juu ya gunia, na vijana wa bodaboda wanabishana. Nyuma yangu nikasikia kifuniko kinawekwa mezani, kijiko kinagusa sahani. Kisha baba akakohoa, kikohozi kirefu, na mwili wangu wote ukataka kugeuka. Nikashika ukingo wa kiti.

"Vinashuka, baba?"

"Vinashuka."

"Ni kama vile vya kambini?"

Kijiko kikagusa sahani tena. "Ni vile vile, mama." Aliniita hivyo tangu nikiwa mdogo, maana nimerithi jina la mama yake.

Aliposema ameshiba nikageuka. Vikapu vilikuwa vitupu. Nililia pale pale bila haya, nikampigia mama simu nikamwambia baba amekula, amemaliza vyote. Mama alipiga vigelegele kwenye simu hadi msichana wa mgahawa akavisikia. Baba alikuwa ananitazama tu, anatabasamu. Tukirudi, kwenye bajaji, alikaa na mikono mifukoni njia nzima. Nikamwambia dereva apunguze mwendo, mzee anasikia baridi.

Tukapanga safari ya Mbeya. Hatukufika. Baba alifariki Jumapili iliyofuata, watu wakiwa kanisani.

Msibani nilikuwa na kitu kimoja cha kushikilia, na nilikishikilia kweli. Kila aliyekuja kutupa pole nilimwambia: alikula, jamani. Vikapu vizima. Hakuondoka na njaa. Niliwaambia waombolezaji, nikamwambia na padri, na nilipoamka asubuhi nilijiambia mwenyewe kabla sijaanza kulia.

Siku ya kuanua matanga nguo zake ziligawiwa. Koti akapewa baba mdogo, anayemfuata baba kwa kuzaliwa. Alilivaa pale pale mbele yetu, akaingiza mikono mifukoni, akasita. Akatoa karatasi laini za mgahawa, zimekunjwa vizuri. Alipozifungua, ndani mlikuwa na vile vitu vyeupe, vimekauka kama magunzi. Mfuko wa pili hivyo hivyo. Kimoja tu kilikuwa kimeng'atwa, pembeni, kidogo sana, alama za meno zinaonekana.

Mama alikichukua kile kimoja akakiweka kiganjani. Hakulia. Alikitazama, kisha akanigeukia.

"Si ulisema alikula?"

"Vikapu vilikuwa vitupu, mama."

"Na wewe ulikuwa naye mezani."

"Nilikuwa naye."

"Sasa ulikuwa unaangalia wapi?"

"Dirishani," nikamwambia. "Kama ulivyotufundisha."