Udongo wa Karibu

Mama Miche hakuwa mtu wa kuogopa nyoka wala radi. Asubuhi ile aliogopa majani. Alichuchumaa kitaluni, mahali alipofanya kazi miaka ishirini na miwili, akafunua mche mmoja wa msonobari. Vijani vyake vilikuwa na mikanda ya kahawia. Akafunua wa pili, wa tatu. Yale yale.

"Maji yamezidi," msimamizi alikwisha kusema jana yake. "Mtaalamu akithibitisha kesho, mwagiliaji anaondoka siku hiyo hiyo."

Mwagiliaji huyo ni mkwewe, mume wa binti yake, mwenye mtoto mchanga kwenye nyumba ya wafanyakazi, jirani na yake. Mwangalifu kupita kiasi. Hata chai huimimina kama anayepima dawa. Huyo ndiye azidishe maji?

Mama Miche alijua kilichotokea. Msonobari mchanga haustawi bila udongo wa chini ya misonobari mikubwa. Kitaluni huuita maziwa, na kila mche hupewa konzi moja. Miaka yote aliufuata kilimani, kwenye miti yenye afya. Safari hii goti lilimkatalia. Akachota chini ya msonobari mkongwe wa kando ya ua, ule uliokauka matawi ya chini, pamoja na majani yake yaliyopukutika. Makarai kumi na manane, na hakumwambia mtu.

Mtaalamu alifika saa nne, mwanamke mfupi mwenye lenzi shingoni. Alipita tuta kwa tuta, na kila hatua yake Mama Miche aliisikia kifuani. Alitaka kusema. Akifukuzwa, kwa umri ule, nani atampa kazi? Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi yake yalisimama pale uani, marefu kuliko paa la ghala.

"Tuta la tisa mbona kijani?" mtaalamu aliuliza.

"Liko kwenye mteremko, maji yanakimbia," msimamizi akadakia.

Mtaalamu akamgeukia mwagiliaji. Kijana akatazama viatu vyake. "Huenda nilizidisha," akasema.

"Mwongo huyo!" Mama Miche alijikuta amepiga kelele. "Ni mimi! La tisa nililitilia udongo uliobaki wa kilimani. Mengine yote nilichota pale." Akanyoosha kidole.

Mtaalamu aliuendea ule mti, akaokota majani yake na kuyatazama kwa lenzi. "Huo ni mgonjwa siku nyingi. Kila mvua unaiambukiza miti iliyo jirani, na wewe ukauleta ugonjwa wake hadi mizizini mwa miche. Utakatwa. Miche yote ya matuta haya ichomwe."

Msimamizi hakumtazama hata usoni. "Njoo ofisini baadaye," akasema, akaondoka na mgeni.

"Kwa nini ulijisingizia?" Mama Miche alimuuliza mkwewe.

"Nilikuona na karai chini ya mti ule, Mama. Tukaamua bora niondoke mimi. Jana usiku tukafungasha vyombo."

Tukafungasha. Basi binti yake naye alijua, na asubuhi ile alikuwa amemwamkia, akammiminia chai kama siku zote.