Meno Yenye Masikio

Kabla sijaacha shule nikiwa darasa la sita, mwalimu alitufundisha kwamba macho, pua na ulimi ni matarishi tu: vinapeleka habari, kichwa ndicho kinachoamua. Niliamini hivyo miaka yote ya kutangatanga, kutoka Mbamba Bay hadi Litumbandyosi, mpaka nilipoajiriwa kwa ajili ya meno yangu.

Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua kahawa Mbinga, na mmoja wao alinipa kazi ya kupima ukavu. Unamenya punje, unaiuma. Ikiwa kavu, jino linagonga kama kwenye jiwe. Ikiwa bado na maji, jino linazama na kuacha alama. Sikuwahi kukosea.

Asubuhi moja tajiri aliniambia, "Hawa wakulima wa Mpepai wananyunyizia maji ili kahawa iwe nzito. Kuwa macho."

Wa kwanza kufika kutoka Mpepai alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama, akisukuma baiskeli yenye magunia mawili. Mavuno ya mwaka mzima. Yangemnunulia mabati, maana nyasi za paa lake zilikuwa zimeoza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Uma, mpwa wangu, nisichelewe."

Niliuma. Jino likazama.

"Bado mbichi."

"Imekaa kichanjani wiki tatu. Uma tena."

Niliuma nyingine. Ikazama vilevile. Naapa ilizama.

Mjomba alitazama tajiri, kisha akanitazama mimi. "Meno yako siku hizi yana masikio," alisema, akageuza baiskeli kuelekea kwa wanunuzi wa Kitai.

Jioni nilizikuta zile punje mbili nilizoziuma mfukoni mwa shati, nilikozitia bila kufikiri. Nilizigeuza kwenye mwanga nikitafuta alama ya jino. Hazikuwa na alama yoyote.

Kumbe kichwa hakikungoja tarishi. Kiliamua kwanza, kisha kikaliamuru jino lihisi.

Kitai nako walikuwa wamekwisha kusikia kwamba kahawa ile imekataliwa Mbinga. Mpimaji wao aliuma, naye akahisi maji. Ikanunuliwa kwa bei ya takataka.

Nilimpelekea mjomba zile punje, nikamweleza yote. Alikuwa akisogeza kitanda pasipovuja. Hakunyoosha mkono kuzipokea.

"Zitafune," alisema. "Halafu shika upande ule, tusogeze."

Nilizitafuna, nikashika kitanda. Sikuuma kahawa tena.